Je, Ni Haki Kuziacha Mbegu za Wazee?

Katika mashamba mengi siku hizi tunaona aina moja ya mbegu imetanda kutoka mpaka hadi mpaka. Mbegu hiyo huzaa sana, na mwenye watoto wa kulisha na kusomesha hawezi kulaumiwa kwa kuipenda. Lakini twajiuliza: je, ni haki kuziacha mbegu za zamani zipotee kabisa kwa kuwa leo hazina faida kubwa?

Kwanza tutazame yaliyotokea Ireland. Maskini wa huko walitegemea viazi, na wengi wao walipanda aina moja tu. Kiazi hupandwa kwa kiazi, kwa hiyo kila shina ni kama pacha wa mwenzake. Ukungu ulipoingia mwaka 1845, ulipoweza kulishinda shina moja uliweza kuyashinda yote. Utawala mbaya ukazidisha dhiki, na watu wapata milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi katika miaka iliyofuata.

Wengine watasema kwamba leo tunazo dawa. Ni kweli, lakini wadudu nao hawafanani. Katika maelfu wanaopuliziwa dawa, wachache huzaliwa na uwezo wa kuistahimili. Hao ndio wanaobaki na kuzaa, na baada ya vizazi kadhaa shamba limejaa uzao wao. Adui ana aina nyingi; sisi tukibaki na aina moja, tutashindana naye kwa nini?

Tena tutazame Amani, katika milima ya Usambara. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa huko walitafuta muhogo usioshindwa na ugonjwa wa batobato. Waliupata uwezo huo kwa kuuzalisha muhogo pamoja na jamaa yake, mti wa mpira ambao haukupandwa kwa ajili ya chakula. Uzao ule ulipelekwa Nigeria ukaendelezwa. Batobato kali ilipoangamiza mihogo ya Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, baadhi ya aina zilizowarudishia wakulima chakula zilikuwa za ukoo huo. Basi nani awezaye kusema kwa hakika kwamba mmea fulani hauna kazi?

Hapo ndipo penye swali la haki. Faida ya mbegu za zamani ni ya wote, hata ya wasiozaliwa bado. Lakini hasara ya kuzitunza humwangukia mtu mmoja, na mara nyingi ni bibi mzee mwenye shamba dogo. Kumwambia avune kidogo ili sisi tuwe salama si haki. Na kusema kila mtu afanye apendavyo, nako ni kula akiba ya wajukuu.

Sisi twaona kwamba mzigo wa wote ubebwe na wote. Sehemu kubwa ya shamba tupande mbegu mpya, lakini kila nyumba iache mistari michache ya zile za wazee. Aliye na aina nyingi tununue mavuno yake kwa bei ya haki, tubadilishane naye mbegu, wala tusimcheke. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya mbegu, isipopandwa, hufa.