Ushahidi wa Askari Wazee

 

Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo, imechukua askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani ipitayo chini ya maji ikaipiga, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu wapata 1,300, wakasalimika kama 200. Mwaka ule ule wengine walipigana Burma, katika bonde la Kabaw hatta mto Chindwin. Kijana wa miaka 18 wakati ule, leo yu karibu na miaka 100. Waliobaki ni wachache mno.

Wengi hudhani mzee askari hana alichobaki nacho illa hadithi za kuwachekesha watoto. Hiyo ni dhana dhaifu. Mzee yule huenda ni shahidi wa kifo cha mtu.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, mtu aliyepotea asijulikane yu hai au amekufa, mali yake haigawanywi mpaka mashahidi wathibitishe kufa kwake, au upite muda ambao mtu kama yeye haishi zaidi ya hapo, kadhi akahukumu. Na njia hizi mbili si sawa. Kadhi akihukumu kwa kupita muda, hurithi walio hai wakati wa hukumu. Mashahidi wakithibitisha kuwa alikufa 1944, hurithi waliokuwa hai siku ile, mama na mke na ndugu, na haki zao huwaendea warithi wao. Basi shamba moja la minazi laweza kuwa halali kwa huyu na haramu kwa yule, kwa neno la wazee wawili. Wawili, kwani mauti hayathibiti kwa shahidi mmoja, angawa mwadilifu kiasi gani.

Masahaba waliliona jambo kama hili mapema. Mwaka wa 12 wa Hijra, walipouawa wasomaji wengi wa Kurani katika vita vya Yamama, Sayyidna Umar alikhofu kilichomo vifuani kisije kikapotea pamoja na wenyewe. Sayyidna Abubakar alisita kwanza, kisha akamwamrisha Zaid bin Thabit aikusanye. Hawakungoja afe wa mwisho.

Na karatasi peke yake haitoshi, ingawa ni njema kwa kukumbusha. Mzee aendewe na watu wawili waadilifu, ashuhudie mbele yao ya kuwa fulani bin fulani alikufa mahali kadha, na awatake wauchukue ushahidi wake. Akifa, wao watasimama kwa kadhi mahali pake. Na wawili hao hao watosha kwa shahidi wa pili.

Ama kumsalia aliyezama, sala ya maiti asiyekuwapo yasihi katika madhehebu; lakini, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, ni kwa yule ambaye sala ilikuwa imemlazimu siku alipokufa maiti. Mjukuu aliyezaliwa baadae hana illa dua na sadaka. Wa kumsalia ni wazee wale wale.