Starehe na Mzima Mishumaa

Mara nyingi mtu hujua kwamba alifurahi baada ya furaha yenyewe kupita. Watu hutoka karamuni, na njiani ndipo mmoja huanza kusema, lakini leo tumestarehe jamani. Nchini Denmark mambo huenda kinyume. Ijumaa jioni, kabla hata kahawa haijamiminwa, mwenye nyumba hutangaza kwamba sasa ni wakati wa hygge, neno lao la starehe ya pamoja. Mishumaa imeshawashwa, taa kubwa ya dari imezimwa, watoto wamekabidhiwa bakuli la peremende walizozingojea wiki nzima, na blanketi limetandazwa juu ya magoti ya watu wawili watatu. Katikati ya maongezi mtu huegemea nyuma akasema: hapa pana hygge kweli. Wageni wakiaga mlangoni, neno ni lilelile, safari hii la shukrani.

Neno hili, ambalo Wadenmark walilipokea kutoka Norway, limezaa ukoo mzima. Fredagshygge ni starehe ya Ijumaa. Hyggekrog ni kipembe cha nyumba chenye mto na taa ndogo, pa kujikunyata na kitabu. Hyggesnak ni porojo zisizo na ajenda. Jirani yao ni livsnyder, mtu anayejua kula maisha. Ila huyo aweza kuyala peke yake, chupa ya mvinyo ghali mbele yake, na asidaiwe kitu na mtu. Hygge hudai. Hata kama mtu anaweza kuipata akiwa pekee, makao yake hasa ni penye watu walioketi pamoja.

Mwanafalsafa wa Uingereza John Stuart Mill, katika tawasifu yake iliyotoka mwaka 1873, alionya kwamba furaha haipendi kuchunguzwa: ukisimama kujiuliza kama unayo, inakuponyoka. Kwa hoja hiyo Wadenmark wangekuwa wameshaiua hygge zamani kwa kuitajataja. Haikufa, na nadhani ni kwa sababu neno hilo halikuwahi kuwa taarifa ya hali ya moyo. Bwana harusi anayesema "nimekubali" mbele ya kadhi haelezi hisia zake. Kwa kusema hivyo anaoa. Vivyo hivyo, anayetangaza hygge anawaingiza waliopo katika agano.

Masharti ya agano hayaandikwi, lakini kila aliyelelewa humo anayajua. Hakuna kujigamba kwa cheo wala mshahara. Hakuna wa kuitawala meza. Mwenye nyumba hajichoshi jikoni mpaka wageni waone haya. Siasa, madeni na ugomvi wa kale hubaki nje pamoja na makoti. Usawa huu una upande mkali, ule ambao mwandishi Aksel Sandemose aliuanika katika riwaya ya mwaka 1933 na kuuita Sheria ya Jante, jina la mji wa kubuni: ole wake anayejidhania kuwa bora kuliko wenzake. Ndani ya chumba cha hygge ukali huo hulainika ukawa adabu, lakini haujaondoka.

Wengi hueleza mambo haya kwa baridi. Kweli, mwishoni mwa Desemba jua la Copenhagen huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Lakini giza la namna hiyo lipo pia kwa mataifa mengine ambayo hayakuliundia agano. Historia inasaidia zaidi. Mwaka 1864 Denmark ilishindwa vitani na Prussia na Austria, ikapoteza Schleswig na Holstein, na ndoto ya kuwa dola kubwa ikazimika. Miaka miwili baadaye iliundwa jumuiya ya kulima mbuga kavu za Jutland, na taifa zima likajizoeza kutafuta ndani ya mipaka kile lilichonyang'anywa nje. Karne iliyofuata ikaleta ustawi wa jamii unaolipiwa kwa kodi kubwa. Hili la mwisho husahauliwa na wanaonunua mishumaa na soksi nene baada ya kusoma kitabu cha Meik Wiking, kilichoipeleka hygge duniani mwaka 2016. Mtu anayewaza bili ya hospitali hawezi kuiacha kesho mlangoni. Mshumaa huwashwa mwisho, baada ya mengi kutengenezwa nje ya chumba.

Kufikia hapa hygge haina lawama. Lawama huanza mtu mmoja anapofungua mdomo. Chukulia ni meza ya ndugu, Ijumaa kama nyingine. Dada mdogo anaweka kikombe chini na kuuliza: hivi, nani kati yetu amekwenda kumtazama mama mwezi huu? Mama yuko katika nyumba ya kulelea wazee, dakika ishirini kwa basi. Kijiko kinagonga sahani. Kaka mkubwa anauliza kama kuna anayetaka kahawa zaidi. Swali lilikuwa la haki, pengine zito kuliko yote yaliyosemwa jioni ile, lakini Kidenmark kina jina la mwenye maswali ya aina hiyo: lyseslukker, mzima mishumaa. Mama hajapata jibu, na mkosaji ameshajulikana.

Hapo ndipo agano la amani hugeuka ngao. Linamkinga kila aliye na la kujibu, na gharama anaibeba aliyeuliza. Lugha nayo inaliongezea agano nguvu: uhygge, neno la kukanusha hygge, halimaanishi uchovu wala ubaridi. Ndilo wanalolitumia kwa filamu za kutisha na nyumba zenye mizimu. Ukitoka katika starehe, kwa mujibu wa msamiati huo, hukanyagi uwanja wa kawaida. Unaingia kwenye kitisho. Si ajabu watu wakanyamaza.

Copenhagen imewahi kuwa na mzima mishumaa mkubwa, naye ni mwanafalsafa Søren Kierkegaard. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1846 kwa jina la bandia la Johannes Climacus, msimulizi ameketi katika bustani ya Frederiksberg, akivuta sigara, akiwaza kwamba kila mtu wa zama zake anashughulika kuyafanya maisha yawe rahisi zaidi. Anaamua kwamba kazi iliyobaki kwake ni kuyafanya yawe magumu. Mwaka 1855 Kierkegaard akaitimiza kwa vijarida vyake vilivyolishambulia kanisa la taifa, kwamba limeigeuza imani kuwa faraja ya watu walioshiba. Alianguka barabarani mwaka uohuo na kufariki mwezi wa Novemba. Ila angalia, Climacus alilifikia wazo lake akiwa amestarehe kitako, sigara mkononi. Starehe ndiyo iliyompa nafasi ya kuishtaki starehe.

Kuna na wale ambao hawajafika hata mezani. Mwanaanthropolojia wa Kidenmark Jeppe Trolle Linnet, katika makala ya mwaka 2011, alionyesha kwamba hygge hutumika pia kama kipimo cha watu: kuna makundi yanayodhaniwa hayawezi kuitengeneza, na kwa hiyo hudharauliwa. Wageni waliohamia huko, wakiwamo wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo, wanaujua upande huu: wafanyakazi wenzao ni wakarimu kazini, ila mlango wa nyumba huchukua miaka kufunguka, kwa kuwa agano tayari lina watu wake tangu shule ya msingi. Sheria zilizofuata uamuzi wa serikali wa mwaka 2018 kuhusu mitaa iliyoitwa geto zilikwenda mbali zaidi: watoto wa mitaa hiyo, kuanzia umri wa mwaka 1, wapelekwe kituo cha malezi saa 25 kwa wiki wajifunze lugha na desturi za nchi. Familia isiyotii hupoteza ruzuku. Utamu wa mwaliko ni kwamba unaweza kuukataa. Ukiambatana na adhabu, huo ni wito wa mahakama.

Hata hivyo hygge ina wakili mzuri, na hoja yake nzito ni hii: si kila saa ni saa ya mashtaka. Binadamu asiyepumzika kubishana hatimaye hubishana vibaya. Denmark ni nchi ya magazeti huru, vyama vingi na uchaguzi wa ushindani mkali; huenda jioni za Ijumaa ndizo zinazowawezesha watu kugombana Jumatatu bila kuchukiana. Kwa mtazamo huo dada yule hakukosea swali, alikosea wakati tu. Mambo ya mama yana siku yake.

Ningeikubali hoja hiyo kama siku hiyo ingekuwa inafika. Tatizo la familia nyingi, na la mataifa, ni kwamba wakati wa maswali huahirishwa na walewale wasiotaka kuulizwa.

Mtu aliyenifikirisha zaidi hapa ni Poul Henningsen, aliyezaliwa mwaka 1894 na kukulia kwenye mwanga wa taa ya mafuta. Umeme ulipoenea, aliona balbu tupu inaumiza macho na kuharibu sura za watu. Miaka ya 1920 akaanza kusanifu taa zenye vikombe vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, ili jicho lisikutane na balbu ilhali mwanga wenyewe unafika mezani. Taa yake ya PH 5, ya mwaka 1958, ingali inaning'inia juu ya meza nyingi za kulia chakula nchini humo. Fundi huyuhuyu wa mwanga mpole alikuwa mkosoaji mwenye ulimi wa pilipili. Mwaka 1926 hadi 1928 aliongoza jarida la Kritisk Revy lililoyakejeli majivuno ya watu wa tabaka lake, na filamu yake ya mwaka 1935 kuhusu Denmark ililaumiwa vikali kwa kuionyesha nchi bila mapambo.

Sioni mgongano katika kazi zake hizo mbili. Kikombe cha taa yake hakikuwekwa ili watu wasionane; kiliondoa mng'ao uliozuia kuonana. Upole wa chumba unaweza kufanya kazi hiyohiyo: kumwezesha mtu aseme neno gumu bila kupiga kelele, na mwenzake alisikie bila kuinua ngao. Kwa hiyo wanaoipima starehe kwa joto la chumba wanapima kitu kidogo. Mtihani wake ni mgeni wa Ijumaa inayofuata. Dada aliyeuliza habari za mama akialikwa tena, na safari hii akajibiwa, basi agano lilikuwa la wote. Akiachwa, kilicholindwa jioni ile kilikuwa nafasi ya kaka mkubwa, na mishumaa ilikuwa inamtumikia yeye.