Malaika Alianza na Mkate



Wapendwa vijana, Julai 2018 Apple walitoa MacBook Pro ya inchi 15 yenye prosesa ya Core i9. Kwa sifa, ilikuwa moto wa kuotea mbali. Lakini Dave Lee, mpimaji wa kompyuta wa YouTube, alipoipa kazi nzito ya video, ikapata joto na kushusha kasi, hadi ikapitwa na ile ya i7 ya mwaka wa nyuma. Akaiweka ndani ya friza. Kazi ileile ikaisha haraka zaidi.

Yaani nguvu ilikuwemo, ila joto lilikosa pa kutokea. Prosesa ikichemka sana hupunguza mwendo yenyewe. Haijafa, inajilinda.

Sasa nawafikiria vijana wenzangu ambao ni i9 za parokia. Mwalimu wa kwaya ni yeye, katibu wa vijana ni yeye, na nyumbani wadogo zake wanamtegemea kwa ada. Ukimwomba lolote: "Sawa, nitafanya." Kisha anaanza kusali kwa shida, anakuwa mkali mazoezini, Misa anaiona ndefu. Anajiambia, "Mungu kaniacha." Wengine kwa wazo hilo huacha kabisa kuja kanisani. Hapo ndipo naogopa.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya, nabii wa moto wa Karmeli, yuko chini ya mretemu anaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji. Akalala tena, akalishwa tena. Ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu. Yesu naye aliwaita mitume waliokosa hata nafasi ya kula, wakapumzike faraghani (Mk 6:31).

Ila friza haikuwa dawa. Nani atafanya kazi laptopu ikiwa kwenye friza? Siku chache baadaye Apple walieleza kwamba kulikosekana ufunguo wa kidijitali katika programu ya ndani, ukaathiri usimamizi wa joto, wakatoa marekebisho. Mafungo ya mwaka ni mazuri, lakini yakiwa peke yake ni friza: unapoa siku tatu, Jumatatu unachemka tena. Tunahitaji kitu cha kukaa ndani: robo saa ya kimya na Mungu kila siku, Jumapili ambayo kweli ni Jumapili, na ujasiri wa kusema, "Padre, jukumu hili naomba apewe mwingine kwa sasa."

Wiki hii chagua jukumu moja ulikabidhi. Na kama kuna mwenzako aliyepunguza mwendo, usianze na "mbona siku hizi mvivu?" Mpelekee chai na maandazi, kaeni, mwache aongee. Malaika alianza na mkate.

Bwana Yesu, utupumzishe kabla hatujaungua. Amina.