Doa la Juu na Doa la Ndani

Arobaini ikipita, ndugu hukaa kikao cha kugawana. Kiwanja kina wagombea, pikipiki ina wagombea, hata shuka ambazo marehemu hakuwahi kuzitandika hupata mwenyewe kabla chai haijapoa. Kabati la mbao, meza na viti vinavyotetereka havina wa kuviulizia. Mmoja atasema, "Hivyo apewe mlinzi," na kikao kitafungwa kwa dua. Huyohuyo, mwezi ukiisha, utamkuta dukani akinunua kabati la unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ambalo likilowa miguu linavimba na haliponi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mimi niliondoka na meza ya marehemu mama mkubwa. Sikuwa na hekima kuwazidi wenzangu. Nilikuwa na veranda tupu tu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na juu ya meza hiyo alisahihisha madaftari, akapiga pasi sare, akakatia mboga. Ni meza ya mninga, mti wa misitu ya miombo kama ile ya Tabora na Katavi. Mninga hauna pupa. Mpaka ufikie unene wa kupasuliwa mbao unakuwa umesimama porini kwa miongo kadhaa, na aliyeuona ukichipua huenda asiuone ukikatwa. Kuutupa kwa sababu vanishi imebanduka ni ufujaji ambao tumeuzoea hadi hatuuoni.

Nilikuwa sijawahi kushika msasa. Nikaenda kwa seremala mmoja wa mtaani kwetu, mzee ambaye vijana wa karakana yake hawamwiti jina bali "Babu Fundi". Baada ya shikamoo nikamuuliza nianze na msasa namba ngapi. Akaniuliza swali lake: "Umeiosha?"

Sikuwa nimeiosha, na hata halikunijia wazo hilo. Kumbe ndiyo hatua ya kwanza: kitambaa kilicholoa na kukamuliwa, sabuni kidogo, kisha kitambaa kikavu. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi. Sehemu kubwa ya kile nilichokiita uzee wa meza ilikuwa masizi na mafuta ya mikono. "Wengi wanapiga msasa uchafu," akasema, "halafu wanalalamika msasa unajaa."

Hatua ya pili ni kujua meza ilipakwa nini. Unadondosha spiriti kidogo chini ya meza, mahali pasipoonekana. Ile rangi ya zamani ikilainika na kunata, ni ile inayoyeyushwa kwa spiriti, na inatoka kwa kitambaa bila kuikwangua mbao. Isipolainika unajaribu tina. Nayo ikishindwa, ndipo unapochukua msasa. Unaanza na namba 80, unakwenda 120, unamalizia na 240, na kila mara mkono unafuata nyuzi za mbao, haukati njia. Funga barakoa, maana vumbi la mninga linawasha pua na kumsumbua mwenye pumu.

Kilichonishughulisha zaidi ni madoa, kwa maana kila doa lina makao yake. Miduara myeupe ya vikombe vya chai ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi. Vanishi ikitoka, nayo imetoka. Miduara myeusi ni maji yaliyopenya hadi kwenye mbao yenyewe. Na pembeni kulikuwa na alama ya pasi ya mkaa, nyeusi, yenye ncha kamili ya pasi. Hiyo nikataka iondoke. Babu Fundi akapitisha kidole juu yake na kutikisa kichwa.

"Ukiichimba hapo tu, mwanangu, utapata bonde, na taa ikiwaka kila mtu ataliona. Ukitaka iondoke kweli, ushushe uso wote wa meza. Sasa amua kama alama moja inastahili kula mbao yote hiyo."

Nikaiacha. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa sikio jingine mazungumzo yetu kuhusu mila, ndoa, malezi na heshima kwa wakubwa. Mara nyingi tunabishana kama ya zamani yabaki au yaondoke, bila kuuliza kwanza doa limekaa wapi.

Chukua mfano: mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Tanzania, Mwanza, ilikuwa na kesi ya mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, kisha akaliuza. Mwanamume wa ukoo huo akataka mauzo yabatilishwe, kwa kuwa mila ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya, aliyeamua kesi hiyo, hakusema ukoo uvunjwe wala ardhi ya ukoo isiwepo. Alisema kwamba mwanamke na mwanamume wana haki sawa, na sharti lolote la kuuza ardhi hiyo liwabane wote wawili. Ubaguzi ulioonekana kuwa ndio mila yenyewe ulikutwa juu, na ulipoondolewa ukoo haukuporomoka. Yapo mengine ambayo yamezama zaidi, na kuyachimba kutagusa mengi tunayoyapenda. Hayo nayo huenda yakastahili kuondolewa, mradi tujue tunakubali kupoteza kiasi gani.

Kwa hiyo simwelewi vizuri anayesema ya kale yote ni dhahabu, wala anayesema yote ni takataka. Wa kwanza anapaka vanishi mpya juu ya masizi, wa pili anatupa mninga. Wote wawili hawajaiosha meza.