Adui Ameshachaguliwa

Mtoto wa dada yangu aliniomba mia tano ya gemu, hapa Kasese. Nikamfuata mpaka kibandani. Alikuwa anacheza Silent Scope 2, mchezo wa mdunguaji ambao Konami ya Japani iliutoa mwaka 2000, baada ya ule wa kwanza wa 1999. Mashine yake kubwa ina bunduki kabisa, na ndani ya darubini kuna kioo kidogo. Yeye alikuwa na padi tu.

Nikataka kumkataza. Akasema, "Mjomba, mule hamna mtu. Namkosea nani?"

Swali zuri. Kwanza niliwaza ubaya ni umbali: mdunguaji anaua mtu asiyemfikia. Lakini tarehe 16 Juni 2023, pale Mpondwe jirani na Bwera, waliovamia shule ya sekondari ya Lhubiriha waliua wanafunzi kwa mapanga na moto. Nyuso waliziona bila darubini. Basi kuona karibu peke yake hakuzuii mkono.

Naona ubaya uko hapa: mchezo umeshakuchagulia adui. Kazi yako ni kulenga, siyo kuuliza.

Sikumkataza. Nilimwambia tu, kabla hujafyatua jiulize: nani kasema huyu ni adui?

Akacheka. "Mjomba, nikiuliza muda unaisha."

Kweli, atashindwa mchezo. Lakini mimi nilivuka mpaka wa Mpondwe kwa miguu kwa sababu kuna mtu aliambiwa mimi ni adui, naye hakuuliza.