Hukumu kwa Watu Wasiokuwepo

Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza, Jumamosi baada ya sala, kama inampasa kuungama kwa padri kwamba anamchukia Hurrem. Hakuwa anatania. Alikuwa ameifuatilia "Sultan" kwenye Azam, ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na siku Mustafa, mtoto wa kambo wa Hurrem, aliponyongwa kwa hila za mama huyo, hakupika. "Mwalimu, yule mwanamke nikimwona hata rozari inanitoka mkononi." Nikamwambia amri inatutaka tumpende jirani, na Hurrem hakai hapa kwetu Kishumundu. Wenzake wakacheka, yeye akanitazama tu, akingoja jibu.

Mimi ni katekista na niliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo naulizwa mengi, na mengi zaidi tangu visahani vya king'amuzi vilipoanza kuota juu ya mabati huku Uru. Wazee wenzangu husema televisheni ndiyo imetuletea haya. Si kweli. Bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni hadi 1994, ilhali Zanzibar walikuwa na chao tangu 1973, na miaka yote hiyo tuliketi kuzunguka redio tukiwahukumu Pwagu na Pwaguzi. Kilichozidi sasa ni wingi. Vijana wana Huba na Jua Kali, akina mama wana Waturuki wao, na kila tamthilia mpya inapoanza, mtu hajafika kisimani, ameshaulizwa yuko upande wa nani.

Turudi kwa Mustafa. Huyu aliuawa kweli, mwaka 1553, kwa amri ya Sultani Suleiman, baba yake mzazi. Kaburi lake liko Bursa. Tukio lile lilipoonyeshwa huko Uturuki mwaka 2014, watu walimiminika kaburini kumwombea, zaidi ya miaka 450 baada ya kuzikwa. Basi mama yetu hakuwa peke yake. Ila wale walau walikuwa na kaburi la kulilia.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Thagaste, alilijua jambo hili kabla yetu. Katika Maungamo anasimulia jinsi alivyokuwa kijana msomi kule Karthago akishinda kwenye maigizo, akilia kwa ajili ya wapenzi wa kubuni, na kufurahia kulia kwake. Baadaye akajiuliza: huruma gani hii, ambayo haimtaki mtu ainuke kumsaidia yeyote, bali inamtaka ahuzunike tu, na asipohuzunishwa vya kutosha anaondoka akilalamika? Ni swali kali. Nimewaona watu wakifuta machozi mbele ya kioo huku mgonjwa wa nyumba ya tatu hajapelekewa hata mtori.

Hata hivyo kwenye jambo hili sikubaliani na Augustino mpaka mwisho, na hoja yangu naitoa kwenye Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Daudi amemchukua Bathsheba, mke wa Uria, na kumwua Uria mwenyewe. Nabii Nathani haji na shutuma. Anakuja na hadithi: tajiri mwenye mifugo tele, maskini mwenye mwanakondoo mmoja tu, na tajiri akamnyang'anya. Daudi anawaka hasira, anatoa hukumu ya kifo kwa mtu ambaye hayupo. Ndipo Nathani anapomwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Angalieni kwamba mfalme alihukumu kwa haki kabisa. Kuhusu kondoo wa kubuni akili yake haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa na kasoro kuhusu Bathsheba tu. Hadithi ndiyo iliyompa nafasi ya kusema kweli kabla hajajua kweli hiyo inamgharimu nini.

Ndiyo maana sioni dhambi kwenye maoni ya kisimani. Huku kwetu watu hawatamki mambo ya nyumba ya mwenzao hadharani. Unakutana na mtu kwenye Misa, kwenye mfereji, kwenye matanga, mtaonana mpaka mfe. Ila mjane wa kwenye tamthilia anayefukuzwa na wakwe, huyo kila mtu ana ruhusa ya kumsemea. Na hadithi ya mjane haikosekani. Ukiikosa wiki hii kwenye tamthilia moja, utaikuta kwenye nyingine.

Iliwahi kutokea, mbele yangu, tukinywa mbege baada ya shughuli ya ukoo. Mazungumzo yakaangukia kwenye tamthilia ya namna hiyo. Wote tukamlaani shemeji mtu aliyekuwa akijiongezea shamba la marehemu kaka yake. Aliyelaani kwa sauti kuliko wote alikuwa bwana mmoja ambaye mgomba wake, kila mwaka, ulikuwa ukisogea hatua kuelekea kihamba cha mjane wa kaka yake. Hakuna asiyejua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeshabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, lakini sheria haishuki yenyewe kutoka Dodoma kuja kuhesabu migomba. Tukanyamaza. Kisha bibi mmoja mzee sana, aliyekuwa ameshika kata yake kwa mikono miwili, akamuuliza yule bwana kwa upole: "Baba, na kule kwenu, masale ya mpakani bado yapo?"

Sale kwetu ndilo jani la mpaka, na ndilo jani analotumwa nalo mzee kwenda kuomba msamaha. Bwana akasema yamekauka kwa jua, atapanda mengine. Akapanda, mvua za masika zilipoanza, na aliyapanda pale yalipokuwa zamani. Televisheni ilifanya nusu ya kazi ya Nathani. Nusu ya pili haiwezi kuifanya, kwa kuwa haijui nani ameketi mbele yake. Bila bibi yule tungelaani vizuri na kwenda kulala.

Vichekesho ni habari nyingine, na navionea mashaka zaidi, ingawa navipenda zaidi. Orijino Komedi ilipokuwa hewani, nyumba yangu haikuwa na mtu aliyekosa. Mmoja wa waigizaji wake, Masanja Mkandamizaji, akaja kuwa mwimbaji wa injili na mhubiri, na sikushangaa. Anayejua watu wanacheka wapi anajua pia wanaumia wapi. Katika tamthilia unamhukumu mtu bila kujua kwamba ni wewe. Katika kichekesho unajua tangu sekunde ya kwanza. Akitokea Mangi wa dukani, Mchagga anayevuta maneno na kuhesabu sarafu mara mbili, sisi wenyewe ndio tunaoanguka chini kwa kicheko. Huwa nawaambia watoto wa kipaimara kwamba huo ni unyenyekevu, kujicheka bila kulazimishwa, na kwamba pengine ndiyo toba nyepesi kuliko zote.

Mpwa wangu hakubaliani. Ana duka Dar es Salaam, na huko, upende usipende, kila Mchagga mwenye duka ni Mangi. Alikuja Desemba kama wanavyokuja wote, tukawa sebuleni, Mangi akatokea kwenye kioo, mama yake akacheka hadi machozi. Yeye akaomba tubadilishe chaneli. Nikamwambia mambo yangu ya unyenyekevu.

"Mjomba," akasema, "wewe unacheka ukiwa Uru. Mimi wanakuja dukani wanaigiza ile sauti, wote wanacheka, na mimi nacheka. Wakishamaliza kucheka, wanakopa."