Jicho Lisiloona, Redio Isiyosema
Miongoni mwa redio za valvu, yaani zile zinazokuza mawimbi dhaifu kwa vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa, imo Saucepan Special, ambayo kampuni ya Ever Ready iliitengeneza mwaka 1949 kwa wasikilizaji wa kituo cha Lusaka, ikiwa na umbo la sufuria la rangi ya buluu na bei ya pauni 5, huku betri ikilipiwa kando. Kwa kuwa Mbeya, Tanzania, iko karibu na Zambia, nchi yenye Lusaka, tumaini la kuikuta redio hiyo Mbeya lina msingi. Lakini ikipatikana ikiwa bubu, je, bado ni redio? Aristotle alifundisha kwamba jicho lisiloona ni jicho kwa jina tu, kwa sababu kiini cha kitu, yaani kinachokifanya kiwe kilivyo, kimo katika kazi yake. Hoja hiyo ni nzito, ila haitoshi: fundi anayeiwekea transista badala ya valvu huirudishia sauti na kuiondolea namna yake ya kusema, ilhali anayebadilisha valvu iliyokufa kwa valvu nzima huihifadhi redio ile ile.